Ruzuku za chakula cha shule ziimarishe njia iliyopo kati ya shamba na sufuria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, halipewi uzito unaostahili kila zinapotangazwa ruzuku za kuboresha chakula cha wanafunzi. Fedha hizo, ziwe zimetoka serikalini, katika shirika la kimataifa au katika taasisi ya hisani, huelekezwa zaidi kwenye vitu viwili: jengo la jiko na chakula chenyewe. Vyote viwili vinahitajika na sina nia ya kuvipinga. Lakini mipango mingi ya chakula cha shule hukwama katikati, baada ya mkulima kuvuna na kabla ya mpishi kuwasha moto. Hukwama kwenye ghala, usafiri, mzani na mkataba, na zaidi ya yote hukwama kwenye malipo yanayochelewa. Huko ndiko ninakoomba wanaotoa ruzuku na wanaoziomba waanzie.

Kwanza tutazame ukubwa wa kazi yenyewe. Ripoti ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kuhusu hali ya chakula shuleni ya mwaka 2022 ilihesabu watoto milioni 418 wanaopata mlo shuleni duniani kote, na ile ya mwaka 2024 ilitaja milioni 466. Ripoti hizo zinaonyesha pia kwamba sehemu kubwa kabisa ya gharama hulipwa na bajeti za nchi zenyewe, ingawa nchi maskini zaidi bado zinategemea sana msaada wa nje. Maana yake ni kwamba ruzuku, hata inapoonekana nono siku ya kutangazwa, ni fedha ndogo inayoingia katika kazi kubwa isiyo na mwisho. Mtoto hula leo, na kesho anahitaji kula tena. Ruzuku ya miaka miwili au mitatu haiwezi kubeba mzigo huo. Inachoweza kufanya ni kuipa shule uwezo wa kununua vizuri, kuhifadhi vizuri na kulipa kwa wakati kwa kutumia fedha ambazo zitaendelea kuja hata baada ya mfadhili kuondoka.

Ukiitazama kwa jicho la mkulima mdogo, shule ingepaswa kuwa mteja bora kuliko wote. Idadi ya wanafunzi inajulikana, siku za masomo zinajulikana, na kiasi cha chakula kwa kila mtoto kinaweza kukokotolewa mwaka mzima kabla ya mbegu kuingia ardhini. Ni wateja wachache sana wanaoweza kumwambia mkulima mapema kiasi hicho cha mambo. Hata hivyo, shule hiyohiyo mara nyingi huwa mteja mgumu, kwa sababu kalenda yake ya fedha haifuati kalenda ya mavuno. Mkulima huvuna kwa mkupuo mmoja na huhitaji fedha papo hapo, kwani ana madeni ya pembejeo na mahitaji ya nyumbani yanayomsubiri. Wakati huo bei iko chini na chakula ni kingi, lakini akaunti ya shule ni tupu, kwa kuwa fedha za muhula hazijafika. Zinapofika, mazao yameshahamia kwenye maghala ya walanguzi na bei imepanda. Shule inanunua chakula kilekile kwa fedha nyingi zaidi, na mkulima aliyekilima hapati chochote katika nyongeza hiyo.

Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule, na ninaweza kushuhudia kwamba hakuna mjadala uliotuchosha kama huu. Tulikuwa na jiko zuri lililojengwa kwa msaada, na wakulima walikuwa tayari kutuuzia; tulichokosa ni fedha ya kununulia katika wiki chache ambazo kununua kulikuwa na maana. Ndiyo sababu ninaona kwamba matumizi ya kwanza ya ruzuku yoyote ya aina hii yawe mfuko wa mzunguko unaoiwezesha shule, au kundi la shule zilizo jirani, kununua wakati wa mavuno na kumlipa mkulima siku anayofikisha mzigo, kisha mfuko huo urejeshewe fedha zake pale mgao wa serikali au michango ya wazazi inapoingia. Fedha iliyowekwa hivyo hailiwi ikaisha. Inanunua msimu huu, inarudi, na inanunua msimu ujao. Sharti lake ni moja na ni gumu: anayedaiwa kuurejesha mfuko aurejeshe. Hapo ndipo mtoa ruzuku anapaswa kutumia ushawishi wake, kwa kutaka maandishi kutoka kwa mamlaka husika yanayosema fedha ya kurejesha itatoka kwenye kifungu gani cha bajeti na katika mwezi upi.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika nchi ambazo zimejitahidi kwa dhati. Ghana ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chakula cha shule mwaka 2005, ukiwa na lengo la wazi la kuwanufaisha wakulima wa ndani. Kazi ya kupika ilikabidhiwa kwa watoa huduma wanaonunua vyakula wenyewe na kulipwa baadaye. Malipo yao yamechelewa mara kwa mara, na wanapocheleweshwa hulazimika kununua kwa mkopo mahali popote watakapokopeshwa. Anayeweza kukopesha ni mfanyabiashara mwenye mtaji; mkulima mdogo hawezi. Hivyo sera inamtaja mkulima wa jirani, lakini ucheleweshaji wa malipo unamtoa sokoni. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo lilikutana na tatizo la aina hiyo katika mradi wake wa majaribio wa kununua kutoka kwa vikundi vya wakulima wadogo, ulioanza mwaka 2008 katika nchi 20: taratibu za malipo zilipokuwa ndefu, wanakikundi waliuza mazao yao kwa mnunuzi mwingine aliyefika na fedha mkononi, licha ya mkataba kuwapo. Sioni haki ya kuwalaumu. Mwenye mtoto anayehitaji matibabu leo hawezi kusubiri hati ya malipo ipite katika ofisi nne.

Jambo la pili ni ghala. Mtu akiambiwa kwamba fedha za ruzuku zimenunua kipima unyevu, mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni na mifuko isiyopitisha hewa, huenda asione kitu cha kupigia picha. Lakini nafaka inayohifadhiwa ikiwa na unyevu unaozidi takribani asilimia 13 huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo huzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na ambayo ikiliwa kwa muda mrefu huharibu ini. Shule inayonunua kwa wingi wakati wa mavuno bila kuwa na njia ya kukausha na kupima hujiletea hatari kwa kundi zima la wanafunzi kwa wakati mmoja. Ninasisitiza hili kwa sababu mfuko wa mzunguko niliouelezea hauna maana bila ghala salama. Kununua mapema kunalazimisha kuhifadhi kwa muda mrefu.

Hatari ya uhifadhi mbaya haiishii kwenye ukungu. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walifariki dunia baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichokuwa kimechanganyika na dawa ya kuua wadudu wa mimea. Uchunguzi ulionyesha kuwa sumu hiyo ilikuwa kwenye mafuta ya kupikia. India ina mpango mkubwa wa chakula cha shule, unaolindwa na amri ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya mwaka 2001 iliyotaka watoto wa shule za msingi za serikali wapewe mlo uliopikwa. Sheria ilikuwapo, chakula kilikuwapo, na hata hivyo watoto hao walipotea kwa sababu ya namna kitu kimoja kilivyotunzwa kabla ya kufika kwenye sufuria. Gharama ya kabati linalofungwa, ya vyombo vilivyoandikwa majina na ya mafunzo ya siku chache kwa mpishi na mtunza stoo ni ndogo mno ikilinganishwa na jengo. Kuhusu wapishi niseme tu kwamba walipwe, wapimwe afya na wafundishwe. Mipango inayowategemea kina mama wa kujitolea mwaka baada ya mwaka inawadhulumu, na haiwezi kudai usalama wa chakula kwa mtu ambaye haimlipi.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni kazi ya soko na kwamba shule itangaze zabuni tu, mwenye bei nafuu ashinde. Hoja hiyo ina ukweli fulani, kwa kuwa kila senti inayolipwa zaidi kwa mkulima ni senti inayopungua kwenye sahani ya mtoto. Kununua kwa wakulima wengi wadogo huleta gharama za kukusanya, kupanga madaraja na kusafirisha ambazo mzabuni mkubwa huwa amekwisha kuzimudu. Lakini zabuni ya kawaida, yenye dhamana ya benki na masharti ya mauzo ya miaka iliyopita, humfungia mkulima mlango kabla bei yake haijasikika. Brazili ilikutana na kikwazo hicho na ikakiondoa kwa sheria. Mpango wake wa chakula cha shule una mizizi tangu mwaka 1955, lakini sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyoagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula zinazotolewa na serikali kuu zitumike kununua kutoka kwa wakulima wa familia, na ikaruhusu manispaa kufanya hivyo kwa tangazo la wazi badala ya zabuni ya kawaida. Bei hutafitiwa sokoni na kutajwa mapema, hivyo washindani hawapambani kwa kushushana bei. Kila manispaa ina baraza la chakula cha shule lenye wazazi, walimu na wawakilishi wa jamii, ambalo hukagua hesabu na linaweza kuzikataa. Na orodha ya milo hupangwa na mtaalamu wa lishe anayewajibika kwayo.

Ninalolipenda zaidi katika mfano huo ni mpangilio wa hatua. Mahitaji yalihakikishwa kwanza kwa sheria na kwa bajeti ya kudumu, na msaada wa ziada kwa wakulima ukaja juu ya msingi huo. Pamoja na hayo, manispaa nyingi zilichelewa kufikia asilimia 30 katika miaka ya mwanzo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni usafiri, nyaraka za wakulima na uwezo mdogo wa vyama vyao vya ushirika. Nasisitiza: usafiri, nyaraka na ushirika. Hata pale ambapo fedha na sheria vimepatikana, njia ya katikati ndiyo iliyochelewesha.

Marekani inatupa somo la upande wa pili. Sheria ya mwaka 2010 ya lishe ya watoto ilianzisha ruzuku ya kuunganisha mashamba na shule, kwa kutenga dola milioni 5 kila mwaka. Kiasi hicho kilikuwa kidogo kwa nchi kubwa namna ile, lakini kilipangwa kwa busara. Ilikuwapo ruzuku ya kupanga tu, mbali na ile ya kutekeleza, na serikali kuu haikulipa zaidi ya asilimia 75 ya gharama, huku mchango wa mwombaji ukiruhusiwa kuwa wa vifaa, majengo au huduma. Baadaye nchi hiyo ilianzisha mpango mkubwa zaidi wa kuzipa shule fedha za kununua vyakula vya wazalishaji wa karibu. Mwezi Machi 2025 awamu mpya ya mpango huo, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600, ilifutwa. Mkulima aliyepanga msimu wake kwa kuitegemea fedha hiyo hakuwa na la kufanya. Nchi tajiri imefanya hivyo, kwa hiyo yeyote anayemhimiza mkulima alime kwa ajili ya soko la ruzuku amweleze kwa uaminifu kwamba soko hilo linaweza kufungwa kwa barua moja.

Njia ya kujikinga ipo, nayo ni kukabidhiana hatua kwa hatua. Nchini Kenya, serikali ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kupeleka fedha shuleni ili chakula kinunuliwe karibu, sambamba na ule uliokuwa ukiendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani tangu miaka ya 1980. Shule zilihamishwa kidogo kidogo kutoka upande wa shirika kwenda upande wa serikali, na mwaka 2018 shirika lilikabidhi zilizobaki. Siwezi kudai kwamba matatizo yaliisha siku hiyo, lakini kila upande ulijua mapema nani angelipa nini na lini. Mtoa ruzuku yeyote anaweza kuiga utaratibu huo kwa kupunguza mchango wake kwa viwango vilivyotajwa tangu mwanzo, huku mchango wa serikali ya mtaa au ya taifa ukipanda kwa kiasi kilekile.

Sasa nigusie suala la nani anapata ruzuku, kwa sababu linaniumiza. Fomu za maombi huandikwa kana kwamba kila shule ina ofisa wa kuandika maandiko ya miradi. Shule yenye walimu wachache, ambako mwalimu mkuu anafundisha vipindi kama wenzake na kutunza hesabu usiku, haiwezi kuandaa mchanganuo wa kurasa nyingi, barua za uungwaji mkono na hesabu zilizokaguliwa ndani ya wiki tatu. Matokeo yake ni kwamba fedha zinakwenda kwa shule na mashirika ambayo tayari yanajua lugha ya wafadhili, na watoto wenye njaa zaidi wanabaki nje. Dawa yake ni maombi ya hatua mbili. Hatua ya kwanza iwe fomu fupi inayoeleza idadi ya wanafunzi, siku wanazokula sasa na kikwazo kikubwa. Watakaochaguliwa wapewe fedha kidogo ya kupanga, pamoja na mtu wa kuwasaidia kuhesabu mahitaji, kuwatembelea wakulima na kuandika mkataba. Andiko kamili lije baada ya hapo. Aidha, shule kadhaa zilizo jirani ziruhusiwe kuomba kwa pamoja, kwa kuwa ghala moja, mzani mmoja na mnunuzi mmoja kwa shule sita ni nafuu kuliko kila kimoja mara sita, na mkulima naye anapata oda inayostahili kukodiwa gari.

Taarifa za utekelezaji nazo zibadilike. Kuhesabu sahani zilizotolewa ni sawa, lakini hakuonyeshi kama mpango unapata nguvu au unaelekea kufa. Ningependa kila taarifa ieleze siku zilizopita kati ya mkulima kufikisha mzigo na kulipwa, kiasi cha chakula kilichoharibika ghalani, na idadi ya wakulima waliouza msimu uliopita wakarudi kuuza tena. Takwimu hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa lugha ambayo mzazi anaisoma, zikiwa na bei iliyolipwa na uzito uliopokelewa. Wizi wa chakula cha watoto huanza pale ambapo ni mtu mmoja tu anayejua yaliyoingia na yaliyotoka.

Kabla sijamaliza, lazima niseme kwamba kununua karibu kuna hatari ambayo wapenzi wa wazo hili, nikiwamo mimi, hatuitaji vya kutosha. Ukame ukilipiga eneo, mkulima na shule vinapungukiwa kwa wakati mmoja, tena katika mwaka ambao mtoto anauhitaji mlo wa shule kuliko mwaka mwingine wowote. Kwa sababu hiyo mkataba wa ununuzi wa karibu uandikwe sambamba na mkataba wa akiba na muuzaji wa eneo jingine lenye mvua tofauti, na ruzuku itenge fungu la kulipia tofauti ya bei katika mwaka kama huo. Bila kinga hiyo, mwaka mmoja mbaya unatosha kuwapa wapinzani wa mpango sababu ya kuufuta.

Ombi langu kwa wanaotangaza ruzuku hizi ni kwamba kila tangazo litaje, pamoja na kiasi cha fedha, tarehe ambayo ruzuku itakoma na kifungu cha bajeti kitakachoendelea kulipa baada ya tarehe hiyo. Na kwako, Ndugu Mhariri, ninaomba waandishi wako wanapokwenda kuripoti uzinduzi wa jiko jipya la shule waombe pia kuoneshwa ghala, wausome mkataba wa wakulima, na waulize malipo ya mwisho yalifanyika lini.

Ni mimi msomaji wako,
Mjumbe wa zamani wa kamati ya shule